Rangi za maji: mchoro wa penseli unasimama vizuri, rangi ikiingia unachafuka. Nianze kurekebisha wapi?

MchoraJioni

Wakuu, salaam. Naomba msaada wa wenye uzoefu wa rangi za maji hasa, kwa sababu ushauri wa akriliki na wa mafuta hautoshi hapa.

Mazoezi yangu ni ya jioni, dakika 40 hivi kila mara, kwenye daftari la michoro la A5. Nachora kwa penseli kitu kilicho mbele yangu (kikombe, kiatu, mmea wa kwenye chungu, wakati mwingine anga na mapaa), kisha napaka rangi. Vifaa nilivyonavyo:

- Karatasi ya gsm 200 (gramu kwa mita ya mraba), ya selulosi ya mbao, uso wa kati
- Rangi za vidonge, boksi la rangi 24, daraja la wanafunzi
- Brashi moja ya duara namba 4, ya nyuzi za sintetiki
- Kopo moja la maji
- Penseli 4B na kifutio cha kawaida

Matatizo yenyewe:

1. Anga likianza kukauka hutokea madoa mapana yenye kingo za menomeno, hata kama nilipaka sawasawa.
2. Karatasi inajikunja, maji yanakusanyika kwenye mabonde na kuacha mistari mieusi.
3. Tabaka la pili la kivuli likigusa la kwanza, rangi inageuka tope.
4. Penseli peke yake inaonyesha umbo. Nikishapaka rangi kila kitu kinakuwa bapa.

Kipi kinaanza? Na dakika 40 mngezigawaje?

---

Karatasi_Kwanza

Mkuu, kama unaweza kubadilisha kitu kimoja tu, badilisha karatasi. Boksi la rangi na brashi vinaweza kusubiri.

Karatasi nzuri ya rangi za maji hutiwa jelatini, au dawa nyingine ya kazi hiyohiyo, ili isinywe maji papo hapo. Maji yanakaa juu kwa muda, nawe unapata nafasi ya kusogeza rangi, kulainisha ukingo, hata kuinyonya rangi kwa brashi ukiona imezidi. Karatasi ya pamba asilimia 100 hunywa polepole na kwa usawa, na inabaki na unyevu muda mrefu zaidi ndani yake. Ya selulosi, hasa ile nyepesi, hukauka haraka juu na bila usawa, ndiyo maana mkono unaonekana mzito hata kama hauna kosa.

Nunua gsm 300, pamba, uso wa kati. Uso laini unafaa kalamu ya wino na michoro ya mimea yenye maelezo madogo, lakini rangi huteleza juu yake na kila alama ya maji inaonekana. Uso wa mkwaruzo unafaa brashi kavu, ile mipako inayogusa vichwa vya karatasi tu na kuacha vitundu vyeupe. Kwa kujifunza, uso wa kati unakupa nafasi pande zote mbili.

Kuhusu kujikunja: nyuzi za karatasi hutanuka zikilowa, na sehemu kavu inayozizunguka haisogei, kwa hiyo katikati panainuka. Gsm 200 itajikunja tu ukiipa maji mengi, hakuna ujanja. Gsm 300 nayo hujikunja usipoishika pembeni. Gsm 640 ndiyo inayolala yenyewe, lakini kwa A5 ya mazoezi ni ufujaji. Njia za kuishika ni tatu:

Ya kwanza ni kubandika pande zote nne kwenye ubao kwa utepe wa karatasi wenye upana wa sentimita 2 au zaidi, ukikandamiza kwa ukucha ili maji yasipenye chini. Inatosha kwa ukubwa wa A5. Unapoubandua, uvute polepole kwa pembe, kuelekea nje ya picha, karatasi ikiwa imekauka kabisa. Ukivutia ndani ya picha utachana uso.

Ya pili ni kuivuta kabisa. Ilaze karatasi ya gsm 300 kwenye maji baridi kwa dakika 5 hadi 10, inyanyue kwa kona moja hadi maji yaache kutiririka, ilaze kwenye ubao wa mbao usiopinda, kisha bandika pande zote kwa utepe wa kahawia unaoshika ukiloweshwa, upana wa sentimita 5. Iache ilale bapa hadi siku ya pili. Usitumie maji ya moto: yanaondoa ile jelatini na karatasi inabaki inanyonya ovyo. Ubao ukisimama wima wakati wa kukauka, maji hushukia upande mmoja na utepe wa chini unaachia.

Ya tatu ni bloku, ambayo karatasi zake zimegundishwa pembeni kiwandani. Hapo acha picha ikauke kabla ya kuitoa, kwa sababu ikitoka mbichi itajikunja kama ambayo haikushikwa.

Picha iliyokwisha kujikunja inanyooka. Lowesha mgongo wake kidogo kwa sponji, iweke kati ya karatasi mbili safi zinazonyonya, juu weka ubao na vitabu vizito, iache saa 24.

Jambo moja linalosahaulika: karatasi huzeeka. Ikikaa mahali penye unyevunyevu, ile dawa ya kuzuia maji huharibika kwa mabaka. Rangi ikitua pale inazama na kutoa madoa meusi ambayo hayatoki kwa njia yoyote. Kabla ya kuanza kazi kubwa, dondosha tone la maji pembeni. Likikaa juu, endelea. Likizama mara moja na kuacha alama nyeusi, hiyo itumie kwa penseli.

---

Maji_na_Brashi

Nakubaliana na hayo ya kunyoosha karatasi, ila sikubali kwamba karatasi ndiyo ya kwanza. Madoa ya menomeno hutokea hata kwenye pamba tupu ya gsm 640. Chanzo chake ni tofauti ya maji kati ya brashi na karatasi, na hilo ndilo somo lenyewe la rangi za maji.

Karatasi iliyoloweshwa hupita hali nne. Inamisha kichwa hadi jicho liwe karibu usawa na ubao, utazame mwanga wa taa au dirisha unavyorudi kutoka kwenye karatasi.

Hali ya kwanza: maji yamesimama. Unaona taswira ya taa kama ilivyo. Rangi ukiitia hapa inaelea, inakwenda inakotaka na ikikauka inakuwa hafifu sana.

Hali ya pili: mng'ao wa wastani. Maji hayasimami tena lakini uso wote unang'aa kwa usawa, na ukichungulia vizuri unaanza kuona mkwaruzo wa karatasi. Huu ndio wakati wa mawingu, wa kivuli laini, wa rangi mbili kukutana bila mstari. Rangi unayoingiza iwe nzito kuliko iliyopo.

Hali ya tatu: unyevu bila mng'ao. Mng'ao umeondoka, lakini ukigusa kwa mgongo wa vidole karatasi ni ya baridi. Hapa ndipo anga lako linapoharibika. Karatasi inaonekana kavu, mtu anaona sehemu haijakaa sawa, anaingiza brashi yenye maji kusawazisha. Yale maji mapya yanatapakaa kuelekea sehemu yenye unyevu mdogo, yanasukuma chembe za rangi mbele yake, na yanapoishiwa nguvu yanazimwaga pale pale kwenye mpaka. Huo mpaka ndio menomeno unayoyaona.

Hali ya nne: kavu. Haina ubaridi. Tabaka jipya linaruhusiwa.

Kanuni inayotokana na hayo ni fupi: karatasi ikiwa katika hali ya pili au ya tatu, brashi iwe na maji machache kuliko karatasi. Brashi ikitoka koponi imejaa. Ukiifuta mara moja kwenye ukingo wa kopo imepungua. Ukiigusisha tishu kwenye shingo, pale nyuzi zinapoingia kwenye bati, maji yaliyofichwa tumboni yanatoka bila kuharibu ncha wala kunyonya rangi yote. Hiyo hatua ya tishu wengi hawaifanyi, na ndiyo inayookoa anga.

Uzito wa rangi upime kwenye paleti kwa kuiinamisha. Inayotiririka mara moja ni ya tabaka la kwanza. Inayosogea polepole na kuacha utando nyuma yake ni ya kuingiza katika hali ya pili. Isiyosogea kabisa ni ya alama za mwisho, au ya hali ya tatu kama kweli unalazimika kugusa hapo.

Fanya zoezi hili mara moja kwa kila aina ya karatasi unayotumia. Chora miraba sita ya sentimita 5. Ipake yote rangi moja ya bluu kwa wakati mmoja, uzito uleule. Dakika ya kwanza gusa mraba wa kwanza kwa brashi iliyojaa maji, dakika ya pili mraba wa pili, endelea hadi wa sita. Andika dakika chini ya kila mmoja. Rudia safu nyingine, safari hii ukigusa kwa rangi nzito na brashi iliyopita kwenye tishu. Zikikauka utakuwa na ramani ya karatasi yako: unajua dakika ngapi una ruhusa na dakika gani unaondoa mkono. Hewa ikiwa na unyevunyevu mwingi dakika hizo huongezeka, feni ikiwaka hupungua, kwa hiyo andika na hali ya hewa.

Sasa upakaji wa anga la usawa, kwa A5:

Tengeneza mchanganyiko wa kijiko kimoja hadi viwili vya chai kabla ya kugusa karatasi. Ukiishiwa katikati, hadi uchanganye mwingine ukingo umeshakauka na hautakuwa rangi ileile. Inua ubao upande wa juu kwa sentimita 3 hivi. Pitisha brashi iliyojaa kutoka kushoto kwenda kulia, tone refu la rangi libaki likining'inia kwenye ukingo wa chini wa mpako. Mpako wa pili uguse hilo tone na kulivuta chini, wala usirudi juu. Ukifika mwisho, kamua brashi na uitumie kunyonya tone lililobaki, la sivyo litapanda tena juu na kuleta doa. Kisha acha. Mikwaruzo midogo uliyoiona wakati wa kupaka hujisawazisha yenyewe ukiiacha.

Brashi namba 4 haiwezi kazi hiyo. Inabeba maji kidogo, kwa hiyo mpako wa kwanza umeshafika hali ya tatu kabla wa tatu haujaanza. Kwa A5 tumia duara namba 10 yenye ncha nzuri kwa karibu kila kitu, bapa ya milimita 20 kwa anga, na hiyo namba 4 ibaki ya mwisho kabisa. Ongeza kopo la pili: moja la kuosha, moja la maji safi ya kuchanganyia. Usiache brashi imesimama koponi. Ncha inapinda na maji yanalegeza gundi ndani ya bati.

Doa likishatokea, usiliguse likiwa bichi. Subiri likauke, kisha sugua ukingo wake taratibu kwa brashi bapa yenye unyevu, nyonya kwa tishu, rudia.

---

MchoraJioni

Asanteni sana. Maji_na_Brashi, nimekuelewa kuhusu hali ya tatu. Je, kikausha nywele kinasaidia kuruka hiyo hali? Na mistari mieusi pembeni ya kila mpako inatokana na nini, maana hutokea hata nisipogusa tena.

---

Maji_na_Brashi

Kikausha nywele kinafaa baada ya mng'ao kuondoka, si kabla. Ukikiwasha maji yakiwa yamesimama, upepo unayasukuma na unapata mawimbi yaliyogandia pale. Kiweke sentimita 30 kutoka kwenye karatasi, nguvu ya chini, ukikizungusha. Ukikizima, subiri karatasi ipoe ndipo upime kwa mgongo wa vidole, kwa sababu joto linaficha ule ubaridi wa unyevu na utadhani imekauka hadi ndani. Na kama umepaka utomvu wa mpira wa kukinga weupe, usipitishe joto juu yake hata kidogo: unashikana na karatasi na ukiutoa unaondoka na uso.

Mistari ya pembeni ni kwa sababu dimbwi hukauka haraka zaidi ukingoni. Maji ya katikati yanakimbilia ukingoni kuziba pengo, yanabeba chembe za rangi na kuziacha huko, ndivyo doa la kahawa linavyoacha pete. Dimbwi likiwa dogo mstari unakuwa hafifu. Kwa hiyo nyonya ziada kwa brashi iliyokamuliwa, au lainisha ukingo mmoja kwa brashi yenye unyevu kabla haujakauka. Usiulainishe pande zote, maana umbo litakosa mahali pa kusimama. Upande wa mwanga uache mkali, upande wa kivuli ulainishe, au kinyume chake, mradi uwe umeamua.

---

Pigmenti29

Nichukue namba 3, ya tope.

Watu husema tope linatokana na kuchanganya rangi nyingi. Ni sehemu tu ya sababu. Mara nyingi linatokana na tabaka la chini kufumuliwa. Rangi za maji hushikwa na gundi ya mgunga, na gundi hiyo huyeyuka tena ikipata maji. Ukipitisha brashi mara tatu nne mahali palepale juu ya tabaka lililokauka, unaliamsha, linachanganyika na la juu, na mwanga haupiti tena hadi kwenye karatasi nyeupe na kurudi. Mpako mmoja, brashi laini iliyojaa vizuri, usiirudie. Karatasi iwe katika hali ya nne, ile aliyoeleza mwenzetu.

Sababu ya pili ni aina ya pigmenti, yaani zile chembe zenyewe zinazotoa rangi. Acha kusoma majina ya rangi, soma msimbo mdogo wa pigmenti (kama PB29) nyuma ya kidonge au tyubu. Jina moja linaweza kuwa pigmenti tofauti kwa kila kiwanda, na kidonge kimoja cha daraja la wanafunzi kinaweza kuwa na pigmenti mbili au tatu ndani yake. Ukichanganya vidonge viwili vya namna hiyo tayari una pigmenti nne hadi sita, na matokeo yake mara nyingi ni kijivu-kahawia. Chagua zenye msimbo mmoja.

Boksi la rangi 24 liweke kando. Sita zinatosha kwa muda mrefu:

- PY154, njano angavu
- PY42 au PY43, manjano ya udongo
- PBr7, siena iliyochomwa (viwanda vingine hutumia PR101 kwa jina hilohilo, nayo huwa inaziba zaidi)
- PV19, waridi ya kwinakridoni
- PB29, bluu ya ultramarini
- PB15:3, bluu ya fthalo

PB29 na PBr7 ndiyo jozi ya kujifunza kuliko zote. Bluu hiyo inaelekea zambarau kidogo, siena ni chungwa lililotulia, kwa hiyo zinazimana na kutoa kijivu. Bluu ikizidi unapata kijivu cha wingu na kivuli cha ukuta mweupe. Siena ikizidi unapata kahawia ya mbao na udongo. Zikiwa nzito na sawa unapata weusi unaotosha kwa dirisha la giza. Tena PB29 ina chembe zinazotulia mabondeni mwa karatasi na kuleta vidotividoti. Usivipigie vita, ndiyo tabia yake. Ukitaka kivuli kisicho na vidoti tumia PB15:3, ukijua kwamba hiyo hushika karatasi na haitoki ukitaka kuinyonya baadaye. Ina nguvu sana pia: ianze kwa ncha ya brashi, ukiongezea njano kwa wingi, la sivyo kila jani litakuwa bluu.

Kijani cha majani: PY154 na PB15:3, kisha PBr7 kidogo sana ili kisipige kelele. Kivuli cha jani hilohilo: punguza njano, ongeza PB29. Usitie nyeusi ya kidonge.

Ziepukeni PR83, ambayo ndiyo alizarini yenyewe, na PY40. Ya kwanza hufifia kwenye mwanga, ya pili hugeuka kahawia. Zile waridi zinazong'aa kupita kiasi nazo hupoteza mng'ao wake haraka, kwa kuwa zimetiwa dai (rangi inayoyeyuka, si chembe) ya fluoresenti. Ukitaka uhakika wa boksi lako, paka mistari ya kila rangi kwenye ukanda mmoja, ukate katikati kwa urefu, nusu ibandike kwenye kioo cha dirisha linalopata jua na nusu ifungie kwenye kitabu. Zilinganishe baada ya miezi mitatu.

Na kumbuka rangi hufifia ikikauka. Kivuli kinachoonekana sawa kikiwa kibichi kitakuwa hafifu kikikauka, ndipo mtu anaongeza tabaka la pili, la tatu, na tope linazaliwa. Jaribu kwenye kipande cha karatasi ileile, kikaushe, ndipo uamue. Vidonge navyo vidondoshee maji matone mawili matatu dakika chache kabla, ili upate rangi nzito bila kukwangua kwa ncha ya brashi.

---

Mistari_Mitatu

Namba 4 ndiyo nzito kuliko zote na naona imepitwa haraka. Ubapa hautokani na rangi wala karatasi. Unatokana na mwanga na kivuli kutopangwa kabla.

Penseli 4B inakupa giza bila kukuuliza: ukikandamiza, kivuli kipo. Ukigeukia brashi unaanza kujaza kila umbo kwa rangi yake, kikombe chekundu, meza kahawia, ukuta kijivu, zote zikiwa na uzito uleule. Umbo lililokuwa kwenye penseli limefunikwa na halikurudishwa.

Dawa yake ni vijipicha vya majaribio. Chora fremu tatu za sentimita 4 kwa 6. Katika kila moja panga kitu hichohicho kwa ngazi tatu tu: weupe wa karatasi, kijivu, na giza. Dakika 3 kwa kila fremu, kwa penseli au kwa ule mchanganyiko wa PB29 na PBr7. Fumba macho nusu unapotazama kitu, maelezo madogo yanapotea na unabaki na mabaka makubwa. Kisha jiulize giza zito liko wapi, na limegusana wapi na weupe. Pale ndipo jicho la mtazamaji litakwenda. Kama fremu haisomeki ukiiweka umbali wa mita mbili, kuipaka rangi hakutaisaidia.

Unapopaka, unganisha vivuli. Kivuli cha upande wa kikombe, kivuli chini ya kikombe na kivuli mezani vipakwe kwa mpako mmoja usiokatika, ukibadilisha rangi njiani (nyekundu nzito, kisha kijivu, kisha kahawia) karatasi ikiwa bado inang'aa. Ukivipaka kimoja kimoja na kungoja kila kimoja kikauke, unapata vibandiko vitatu vilivyopangwa karibu. Hili peke yake hubadilisha picha kuliko pigmenti yoyote.

Weupe uamue mapema. Katika rangi za maji nyeupe ni karatasi, na ukishaifunika haurudi weupe uleule. Weka alama nyepesi ya penseli kuzunguka mwanga unaotaka kuuacha.

Penseli: 4B huacha unga unaochafua njano na rangi nyepesi. Tumia HB au 2B, kwa mkono mwepesi. Ngumu zaidi ya 2H zinachimba mfereji na rangi inakusanyika humo. Kifutio kiwe cha kukanda, cha kubonyeza na kunyanyua. Cha kawaida ukikisugua kinakwangua ule uso uliotiwa dawa, na mahali hapo patanyonya rangi kuliko pengine. Futa mistari usiyoitaka kabla ya kupaka, kwa sababu gundi ya rangi huifungia chini na haitoki kirahisi tena.

Dakika 40 ningezigawa hivi, na si lazima kila siku iishe na picha:

- Dakika 5: michoro ya sekunde 30 hadi 60, mstari tu, bila kufuta. Pima kwa penseli, mkono umenyooka na kiwiko hakikunjiki, jicho moja limefumbwa. Kiwiko kikikunjika vipimo vyote vinabadilika.
- Dakika 10: vijipicha vitatu vya ngazi tatu.
- Dakika 20: kitu kimoja, rangi mbili au tatu, tabaka zisizozidi mbili.
- Dakika 5: maandishi pembeni. Karatasi gani, misimbo gani, uligusa karatasi ikiwa katika hali ipi, nini kilitokea.

Kitu hichohicho kirudie jioni nne ukibadilisha jambo moja tu kila mara: karatasi, kisha brashi, kisha mwanga, kisha mpangilio wa tabaka. Ukibadilisha yote kwa pamoja hutajua kilichosaidia. Kwa kuanzia chukua kitu cheupe kisicho na mapambo, taa moja pembeni. Kitu cheupe kinakulazimisha kuona kivuli, hakuna rangi ya kujifichia.

Daftari lako la gsm 200 usilitupe. Liache kwa vijipicha na michoro ya sekunde. Karatasi ya pamba ikate vipande vya A5 au A6 kwa zile dakika 20. Mtu akipaka kila jaribio kwenye karatasi nzuri anaanza kuogopa kuiharibu, na mkono wenye woga unarudiarudia mpako.

---

Pigmenti29

Hapo kwenye weupe niongeze. Gwashi (rangi ya maji isiyopitisha mwanga) nyeupe ya PW6 inaruhusiwa kwa nukta ya mwanga jichoni, waya wa umeme mbele ya anga, ukingo wa jani. Itumie nzito, karibu bila maji, mwishoni kabisa, karatasi ikiwa kavu. Ukiichanganya ndani ya rangi nyingine za picha inaziba mwanga na kuleta unga.

---

Mistari_Mitatu

Sawa, kwa nukta sina ubishi. Kwa eneo kubwa la weupe, hapana, litaonekana limebandikwa.

---

MchoraJioni

Nimeelewa, nitaanza na ile miraba sita na vijipicha. La mwisho: nikichora kwa kalamu ya wino badala ya penseli, wino unatangulia au rangi?

---

Karatasi_Kwanza

Vyote viwili vinawezekana. Wino ukitangulia, uwe wa pigmenti usioyeyuka kwenye maji. Wino wa dai huyeyuka brashi ikipita, jambo linalofaa ukitaka vivuli vya rangi ya wino wenyewe, la sivyo unachafua kila kitu. Kwenye karatasi iliyotiwa jelatini wino hukaa juu na hukauka taratibu kuliko kwenye karatasi ya kawaida ya kuandikia. Chora mstari pembeni, subiri dakika 10, pitisha brashi yenye maji. Ukitoa kivuli, ongeza muda.

Kama kalamu ni ya kujaza wino, usitie wino mweusi wa zamani wenye shelaki. Ukikaukia kwenye njia za kalamu haufunguki kwa kuosha na maji. Ni wa kalamu ya kuchovya au brashi.

Rangi ikitangulia, paka mabaka makubwa ya vivuli kwanza, yaache yakauke hadi karatasi isiwe na ubaridi, kisha weka mistari michache pale tu rangi iliposhindwa kueleza umbo. Karatasi ikiwa na unyevu, ncha ya kalamu inang'oa nyuzi, nyuzi zinaziba ncha, na wino unasambaa pembeni ya mstari. Kwa mtu anayetaka kuacha kujaza maumbo kama wewe, huu mpangilio wa pili ningeujaribu kwanza.